Simu za usiku wa Jumamosi: kisa cha mtambo wa simu wa Posta na tawi la Kurasini

Tuichukue ofisi ya uwakala wa forodha yenye makao makuu Posta na tawi Kurasini, hatua chache kutoka bandarini. Ina simu za mezani 26: 17 ziko Posta na 9 ziko Kurasini. Mtambo wenyewe ni kompyuta ndogo yenye Asterisk, programu ya kuunganisha simu, na FreePBX, programu ya kuisimamia kwa kurasa za wavuti; imewekwa kwenye kabati la mtandao huko Posta. Laini ya nje ni ya SIP, yaani utaratibu wa kupiga simu kupitia intaneti, ina namba za 022 na inalipiwa kabla kama vocha. Fundi anayeusimamia anakaa Tegeta, na yeyote anayeijua Barabara ya Bagamoyo saa moja asubuhi ataelewa kwa nini kazi karibu yote ya mtambo hufanywa kwa mbali.

Kusimamia kwa mbali ni jambo la kawaida na lina faida. Tatizo ni jinsi mlango ulivyofunguliwa. Kwenye ruta ya Posta poti (milango ya mtandao yenye namba) zifuatazo zilielekezwa moja kwa moja kwenye mtambo: 22 ya kuingia kwa amri, 443 ya ukurasa wa usimamizi, 5060 ya ujumbe wa SIP, na 10000 hadi 20000 za sauti. Simu za Kurasini zilijisajili kwa kupita intaneti ya wazi, na fundi naye akafungua ukurasa wa usimamizi akiwa sebuleni kwake. Yeyote duniani angeweza kufanya hivyohivyo.

Jumatatu asubuhi simu za kutoka zikagoma. Mtu anapiga namba ya nje, inakatwa kabla haijaita. Simu za kuingia zinakuja kama kawaida, na za ndani kwa ndani zinaita vizuri. Dalili hii peke yake inatosha kuondoa nusu ya dhana: mtandao ungekuwa umeanguka, za kuingia nazo zisingekuja. Simu zinapoingia bila kutoka, angalia salio kwanza. Salio lilikuwa sifuri.

Rekodi za simu, ambazo Asterisk huziandika kwenye faili la `/var/log/asterisk/cdr-csv/Master.csv` na FreePBX huziweka pia kwenye hifadhidata yake, zilionyesha mengine. Usiku wa Jumamosi kuamkia Jumapili namba ya ndani 105 ilipiga nje ya nchi mfululizo, simu kadhaa kwa wakati mmoja, kila moja ikichukua dakika nyingi. 105 ni simu ya stoo. Stoo ilikuwa imefungwa kwa kufuli. Neno la siri la 105 lilikuwa 105.

Mlinzi wa usiku naye alikuwa na lake. Kwa siku kadhaa simu ya mapokezi ilikuwa ikilia saa nane za usiku, kioo kinaonyesha 100, ukiinua hakuna mtu. Hizo ni nyayo za programu zinazozunguka intaneti zikibisha hodi kwenye poti 5060 ya kila anwani. Mtambo ulikuwa umeruhusiwa kupokea simu za SIP kutoka kwa yeyote asiyejulikana, kwa hiyo kila hodi iligeuka mlio mezani. Ofisi ikisema simu zinalia usiku zenyewe, usiicheke.

Wanaofanya hivi hawatafuti mtu wa kuongea naye. Huko ng'ambo kuna namba za gharama kubwa ambazo mwenye namba hupata mgawo wa mapato ya kila dakika inayopigwa. Mwizi anajipigia namba zake kwa salio lako. Hupenda usiku wa mwisho wa wiki kwa sababu hakuna anayetazama.

Saa ya kwanza

Mhasibu, kwa nia njema kabisa, alikuwa tayari ameshika simu yake ili aongeze salio kazi iendelee. Hapo ndipo pa kumzuia: fedha ikiingia kabla mlango haujafungwa, inafuata njia ileile. Kabla ya salio, kampuni ya simu iombwe kufunga simu za kimataifa upande wao. Kufunga kwenye mtambo peke yake hakutoshi, maana bado hujui kama mtambo wenyewe uko mikononi mwako.

Pili, usiuzime mtambo. Nakili kwanza faili za `/var/log/asterisk/full`, rekodi za simu, kumbukumbu za seva ya wavuti na matokeo ya amri ya `last` inayoonyesha walioingia kwenye kompyuta, uziweke kwenye kompyuta nyingine. Kumbukumbu hizi hujizungusha na kufutika zenyewe, nawe utazihitaji utakapobishana na kampuni ya simu kuhusu ankara.

Baada ya hapo kata simu zote zinazoendelea kwa `channel request hangup all`, kisha badilisha neno la siri la 105. Wengi huishia hapo na kusahau kwamba usajili wa mgeni bado upo mpaka muda wake uishe, na kwa kawaida muda huo ni sekunde 3600. Hataweza tena kupiga, lakini mtu akipiga 105, simu italia kwa huyo mgeni. Futa anwani yake kwenye orodha ya usajili, na uhakikishe kwa `pjsip show contacts` kwamba kila namba ya ndani imetoka kwenye anwani unayoitambua.

Mwisho ni poti. Kurasini ina faiba yenye anwani isiyobadilika, kwa hiyo 5060 na poti za sauti ziliachiwa anwani hiyo tu. 443 ikafungwa kabisa. Poti 22 ndiyo ya kuogopa, kwa sababu fundi mwenyewe amepitia humo na anwani ya intaneti ya nyumbani kwake hubadilika. Akiifungia anwani ya leo, kesho yuko nje ya mlango wake mwenyewe. Iliachwa wazi kwa saa chache ikikubali ufunguo wa SSH tu (faili la siri lililo kwenye kompyuta ya fundi) bila neno la siri, mpaka njia mpya ikamilike.

Mgeni alifika wapi

Swali hili huamua kama kazi ni ya saa tatu au ya siku nzima. Ama alikisia neno la siri la simu moja, ama aliingia kwenye ukurasa wa usimamizi na mtambo mzima ni wake. Ndani ya `full` kulikuwa na maelfu ya majaribio yaliyoshindwa, namba moja baada ya nyingine, kisha mstari mmoja mfupi: `Added contact` kwa 105, ikifuatiwa na anwani ya ng'ambo. Hiyo ni njia ya kwanza.

Ukurasa wa usimamizi ukaguliwe hata hivyo, maana nao ulikuwa wazi. Agosti 2025 mitambo ya FreePBX ya matoleo ya 15, 16 na 17 iliyoacha ukurasa huo uonekane intaneti ilivamiwa kwa dosari iliyopewa namba CVE-2025-57819, na wavamizi hawakuhitaji neno la siri lolote. Kwa hiyo angalia watumiaji wa usimamizi usiowajua, kazi zilizopangwa kwenye `crontab`, funguo zilizoongezwa kwenye `authorized_keys`, na saini za moduli. Ukikuta kimoja tu kisichoelezeka, usisafishe. Jenga mtambo upya kutoka nakala rudufu ya kabla ya tukio. Hapa havikuonekana, na mtambo ukasasishwa tu. Kama mtambo unarekodi mazungumzo ya wateja na kuna shaka kwamba mgeni aliyafikia, suala linatoka mikononi mwa fundi na kwenda kwa uongozi, chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022.

Njia mpya, na namba mbili zinazogongana

Uamuzi ulikuwa mmoja: hakuna kitu cha mtambo kitakachoonekana intaneti. Kurasini na fundi wote watapita kwenye VPN, yaani njia ya faragha iliyosimbwa ndani ya intaneti, kwa programu ya WireGuard, na poti pekee inayobaki wazi Posta ni UDP 51820. Sifa moja ya WireGuard inafaa sana hapa: haimjibu asiye na ufunguo. Anayebisha hodi hapati hata dalili kwamba kuna nyumba.

Kikwazo kilijitokeza kabla ya ufunguo wa kwanza kuandikwa. Posta inatumia anwani za ndani za 192.168.1.0/24, Kurasini nayo 192.168.1.0/24, kwa sababu ruta zote mbili ziliachwa zilivyotoka dukani. Mitandao miwili yenye namba sawa haiwezi kuunganishwa. Simu ya Kurasini ikiitafuta 192.168.1.10, anwani ya mtambo, itaitafuta humohumo ndani. Nyumbani kwa fundi pia huwa ni hivyohivyo. Tawi likapewa 192.168.20.0/24, na mafundi wakapewa 10.9.0.0/24 ndani ya VPN.

Kubadilisha namba za tawi zima ukiwa kilomita nyingi kutoka hapo kunahitaji subira ya siku moja. Jana yake punguza muda wa DHCP, huduma inayogawia vifaa anwani, uwe dakika 10, ili vifaa vyote viwe vinaomba anwani mara kwa mara. Kwenye ruta ya MikroTik ingia katika hali salama kwa Ctrl+X kabla ya kugusa chochote: muunganisho wako ukikatika ghafla, ruta inafuta mabadiliko uliyofanya tangu hapo. Kwenye Linux tumia `at` kupanga amri ya kurudisha mipangilio ya zamani baada ya dakika 10, kisha uifute ukishahakikisha kuwa bado umo ndani. Kubadilisha anwani za ndani hakukukati, kwa kuwa unaingilia upande wa intaneti. Kinachokukata ni sheria za fayawoli zinazohusu ruta yenyewe, na hizo ndizo za kufanya ukiwa umejifunga kamba kiunoni.

Simu nane zilipata anwani mpya baada ya kuzimwa na kuwashwa kupitia swichi, ambayo huzilisha umeme kwa waya wa mtandao. Ya tisa haikurudi. Mtu aliwahi kuiandikia anwani kwa mkono. Huo ni wakati wa kumpigia dada wa mapokezi kwa simu yake ya mkononi: "Dada, samahani, ile simu ya kwenye dawati la mizigo, bonyeza menyu, nenda mtandao, chagua DHCP." Orodha ya menyu za simu zenu iwe imechapishwa na kubandikwa ndani ya kabati la tawi. Fundi wa mbali siku zote anahitaji mikono ya mtu aliyepo.

Kurasini ndiyo inayoanzisha muunganisho kwenda Posta, kwa sababu faiba ikikatika tawi hutumia ruta ya akiba ya 4G, na kwenye 4G mara nyingi unapewa anwani ya 100.64.0.0/10 ambayo mtu wa nje hawezi kuifikia. Mpangilio wa `PersistentKeepalive` wa sekunde 25 huweka njia hai. Ufunguo wa Kurasini unaruhusiwa kufika 5060, poti za sauti na poti ya kuchukulia faili za mipangilio ya simu, basi. Ufunguo wa fundi unafika 22 na 443. Kila kompyuta ina ufunguo wake. Laptopu ikiibiwa kwenye daladala, unafuta mmoja na wengine hawaguswi.

Umeme nao una neno hapa. Ruta nyingi ndogo hazina betri ya saa. TANESCO ikikata na kurudisha, ruta inaamka na tarehe ya zamani. WireGuard huweka muhuri wa wakati kwenye salamu ya kwanza, na Posta ikiona muhuri wa nyuma kuliko wa mwisho iliyoupokea, huitupa salamu hiyo kama marudio ya mtu mwenye hila. VPN haiwaki, wala haisemi kwa nini. Saa ya ruta lazima irekebishwe kwa NTP, huduma ya saa ya mtandaoni, kupitia intaneti ya kawaida. Ukiielekeza kwenye seva ya saa iliyo upande wa pili wa VPN, saa inaisubiri VPN na VPN inaisubiri saa.

Kijani kila mahali, sauti hakuna

VPN ikawaka, simu zote tisa zikajisajili, ukurasa ukawa kijani. Wengi hufunga kazi hapa na kulala. Majaribio yalionyesha haya: Posta ikiipigia Kurasini, Kurasini inasikia, Posta haisikii kitu. Kurasini ikikata, upande wa Posta simu inabaki hewani. Kurasini ikipiga yenyewe, simu inakatika baada ya sekunde 32.

Yanaonekana matatizo matatu, na chanzo ni kimoja. Kwenye mipangilio ya SIP mtambo umeambiwa kwamba anwani yake ya nje ni ile ya intaneti ya Posta, na kwamba mtandao wa ndani ni 192.168.1.0/24 pekee. Simu inapotoka 192.168.20.x, mtambo huiona ni ya mtaani na kuiandikia anwani ya nje. Ukifungua `sngrep`, chombo cha kutazama ujumbe wa SIP, na kuingia kwenye ujumbe wa 200 OK wa kupokelewa kwa simu, mstari wa `c=IN IP4` unaonyesha wazi anwani ya intaneti badala ya 192.168.1.10. Simu ya Kurasini inatii, inatuma sauti huko, kwenye poti zilizofungwa baada ya VPN kuwaka. Sauti ya kuja Kurasini haina shida kwa kuwa mtambo unaituma moja kwa moja ndani ya VPN.

Sekunde 32 nazo zina maana yake. Kipimo cha msingi cha SIP ni nusu sekunde, na anayejibu simu husubiri uthibitisho kwa mara 64 ya kipimo hicho. Uthibitisho wa Kurasini ulikuwa unaelekea kwenye anwani ya nje, haufiki, mtambo unakata tamaa na kukata simu. Ujumbe wa kukata simu kutoka Kurasini ulipotelea njia hiyohiyo, ndiyo maana Posta ilibaki hewani. Ukiona simu inakatika sekunde 32 kila mara, usihangaike na kasi ya intaneti; tafuta anwani isiyo sahihi. Ikikatika dakika ya 15 kamili, chunguza kipima muda cha mazungumzo, ambacho kwa kawaida ni sekunde 1800 na huhuishwa katikati.

Dawa ni mistari miwili: ongeza 192.168.20.0/24 na 10.9.0.0/24 kwenye orodha ya mitandao ya ndani. Kisha Asterisk ianzishwe upya kwa `fwconsole restart`. Kupakia mipangilio tu hakubadilishi sehemu hii, na hapo ndipo watu hudai kwamba dawa haikufanya kazi. Fanya baada ya saa za kazi, kwa sababu kila simu itakatika. Kipimo cha mwisho ni kupiga *43 kutoka kila simu ya tawi: ukiongea unajisikia mwenyewe, sauti inakwenda na kurudi.

Simu mbili za toleo jipya ziliendelea kugoma kupiga. Zilikuwa zinataja kodeki (mbinu za kugeuza sauti kuwa data) kibao pamoja na za video, na ujumbe wao ukazidi baiti 1420 ambazo WireGuard hubeba kwa mkupuo. Vipande vilivyokatwa vikapotea njiani. Kuziachia kodeki mbili kulitosha. Zisingekubali, dawa ingekuwa kuzihamishia TCP.

Kiasi cha intaneti

Kodeki ya G.711 hutuma pakiti 50 kwa sekunde, kila moja ikiwa na baiti 160 za sauti na 40 za vichwa. WireGuard huijaza ifike 208, kisha huongeza 60. Jumla ni baiti 268, sawa na kilobiti 107 kwa sekunde kwa kila upande. Simu tisa kwa pamoja hazifiki megabiti moja. Ukihamia G.729 ili kubana, sauti inashuka kutoka kilobiti 64 hadi 8, lakini pakiti nzima inabaki baiti 124, yaani kilobiti karibu 50: umeokoa nusu tu, na sauti imekuwa ya bati. Kwa faiba haina maana. Ibaki G.711, upande wa A-law.

Kinachoharibu sauti Kurasini ni upakiaji wa data kwenda intaneti. Nyaraka za mizigo zikiskaniwa na kutumwa kwa wingi, foleni inajaa kwenye kifaa cha kampuni ya intaneti na sauti inakatikakatika. Weka kikomo cha upakiaji kwenye ruta yako kiwe asilimia 90 ya kasi uliyoipima, ili foleni ijengeke kwako, na sauti ipite mbele kabla haijaingia kwenye VPN. Alama ya kipaumbele iliyo kwenye pakiti ya sauti haihamishiwi kwenye pakiti ya nje ya WireGuard, kwa hiyo ukipanga foleni baada ya VPN hutaona chochote cha kukitofautisha.

Simu za nje ya nchi

Ofisi ya mizigo ya kwenda nchi jirani haiwezi kufungiwa kimataifa moja kwa moja. Wateja wake wako Lusaka, Lubumbashi, Kigali na Bujumbura. Ziliruhusiwa 000260, 000243, 000250 na 000257, na 000 nyingine zote zikazuiwa. Wengi husahau kwamba kutoka Tanzania, Kenya hupigwa kwa 005 na Uganda kwa 006. Sheria inayozuia 000 peke yake inaacha dirisha hilo wazi. 005 na 006 nazo ziliandikwa waziwazi, kwa namba za ndani za idara ya mizigo tu, saa 1 asubuhi hadi saa 1 usiku, na simu za nje ya nchi zisizidi mbili kwa wakati mmoja. Kampuni ya simu nayo iliombwa iweke ukomo wa matumizi ya siku. Maneno ya siri ya simu zote 26 yalizalishwa upya na mtambo, kila moja na lake, na simu zikayachukua zenyewe kwenye faili za mipangilio. Hakuna mtu anayehitaji kuyajua.

Jaribio la 4G lilifanywa mwisho: mtu amepiga *43, waya wa faiba unachomolewa. Sauti ilipotea kidogo ikarudi bila simu kukatika, kwa kuwa anwani za ndani ya VPN hazibadiliki. Ugumu ulikuja waya uliporudishwa. Ruta iliendelea kukumbuka muunganisho wa 4G, ikawa inatoa pakiti kwenye faiba zikiwa na anwani isiyo ya faiba, na VPN ikafa huku intaneti ikiwa hewani. Iliwekwa skripti fupi inayofuta kumbukumbu ya muunganisho wa poti 51820 kila faiba inaporejea, na jaribio likarudiwa mpaka simu ikavuka pande zote mbili.